Mwaka wa Kusikia Bila Kusikika

Fundi Mhina alizikwa mwezi uliopita, kwao, nje kidogo ya Muheza. Nilifika maziko yamekwisha, nikakaribishwa mkekani kwa wanawake, nikaletewa wali na maharage katika sahani ya bati. Binti yake mkubwa akaja kukaa karibu nami. "Shikamoo dada," akasema. "Samahani, wewe ni nani wake marehemu?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja zamani, kwenye redio. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, na nikatambua kwamba ameelewa tulikuwa watangazaji. Sikumsahihisha. Kulikuwa na watu wa kusalimiwa, kulikuwa na vyombo vya kukusanywa, na jambo lenyewe halisemeki kwa maneno mawili matatu ya mkekani. Lakini tangu siku hiyo mwaka ule umenirudia, nao haunitoki, na nimeona niuandike kama ulivyokuwa.

Ya kuzaliwa kwangu na ya wazazi wangu nayaacha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba Nguvumali kwa mjane mmoja aitwaye Bi Tatu, na nina kazi ambayo watu wengi hawakuielewa. Ulikuwa mwaka ambao dhiki haijaisha na ruksa ya biashara imeanza kutajwa. Bado tulifua kwa majani ya mpapai, bado tulisonga unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, wenye harufu ya gunia, na Bi Tatu akipata muhogo mkavu akitutwangia bada ilikuwa kama sikukuu. Chumba changu na cha jirani vilitenganishwa na ukuta usiofika darini, kwa hiyo habari za mji nilizipata nikiwa nimelala chali: kwamba duka fulani limeshusha sabuni, kwamba sasa mtu ataruhusiwa kuleta mali kutoka nje bila kuulizwa fedha kaipata wapi, kwamba fulani kavuka mpaka wa Horohoro na magurudumu mawili ya gari na hakuna aliyemkamata. "Mambo yatafunguka," jirani alikuwa akimwambia mkewe kila jioni. "Wewe subiri." Nasikia mwiko wa mkewe ukikwangua sufuria.

Kazi yangu ilikuwa katika chumba cha redio, ghorofa ya juu ya jengo kuukuu la ofisi ya afya, Tanga mjini. Kulikuwa na meza, kiti kimoja, dirisha lililokosa kioo kimoja nikaliziba kwa karatasi ngumu, na juu ya meza redio ya mawasiliano yenye kipaza sauti cha kushika mkononi. Mradi wa wageni uliotufungia mitambo ile ulikuwa umemaliza muda wake, wenyewe wakaondoka. Waliacha redio sita: moja yangu, na tano katika zahanati za pwani ya kusini, ya mbali kuliko zote ikiwa Mkwaja. Redio hizo hazikuweza kusemezana zenyewe kwa zenyewe, maana umbali ulikuwa mkubwa. Zote zilitegemea mtambo mmoja uliofungwa kilimani, juu ya Amani, ambao uliipokea sauti ya huyu na kuirusha kwa yule. Wageni waliuita rilei. Fundi Mhina, aliyeachiwa kuutunza, aliuita daraja. Alikuwa Mbondei mwembamba mwenye kicheko cha puani, ambaye alitembea na bisibisi mfuko wa shati kama wengine watembeavyo na kalamu. "Watu wako wote wako ng'ambo," aliniambia siku ya kwanza. "Daraja likianguka, wewe hapo mezani utabaki na sanduku la bati."

Nilidhani kazi ni kusema. Nikaja kuona kwamba kusema ni jambo dogo, na kwamba kazi yenyewe ni kumfanya mtu wa ng'ambo apatikane pindi unapomtaka. Kila zahanati ilikuwa na betri moja ya gari na kioo kimoja cha kukusanya jua. Nesi akiacha redio wazi mchana kutwa, betri inakufa, kwa hiyo wote walizima redio zao na kuziwasha pale tu walipokuwa na shida. Wao wakinihitaji, wananipata. Mimi nikiwahitaji, naita mpaka sauti inakauka. Tena redio iliyozimwa haisemi kama imezimwa, au imeungua, au nesi mwenyewe ni mgonjwa. Dawa za chanjo zilifika bandarini zikakaa wiki nzima kwa sababu sikuweza kumpata hata mmoja wa kumwambia aandae jokofu. Ndipo nikatunga utaratibu wangu. Kila ifikapo saa kamili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila zahanati iwashe redio kwa dakika tano na kupiga hodi: itaje jina lake, iseme nipo, isikilize kama nina neno, kisha izime. Atakayekosa hodi tatu mfululizo nitajua ana tatizo. Mzee Salehe, msimamizi wangu, hakupendezwa. "Binti," aliniambia, "redio si baraza la kahawa." Lakini baada ya mwezi mmoja aliona dawa zinapokelewa na ripoti zinafika, akanyamaza, na siku moja nikamkuta amesimama mlangoni saa tano kamili akisikiliza majina yakipita moja baada ya jingine, uso wake umelegea kama mtu anayehesabu watoto wake wamerudi wote.

Mkwaja alikuwako Bi Rukia, nesi mkunga. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilimjua kwa sauti yake nzito kidogo, ya mtu anayezungumza huku mikono inafanya jambo jingine, na kwa kuku wake, maana redio ilikaa karibu na dirisha na mara kwa mara jogoo alitoa salamu kabla ya mwenyewe. "Tanga, Mkwaja hapa. Nipo, mwanangu. Leo nimepika mchicha wa nazi, na wewe umekula nini? Ova." Ova ndilo neno letu la kumwachia mwenzako zamu ya kusema. Sikutakiwa kujibu maswali kama hayo, na niliyajibu yote. Nilimwambia habari za foleni, yeye akaniambia habari za watoto aliowazalisha, kwamba huyu kaja na meno, huyu mama yake kataka apewe jina la daktari ambaye hajapata kufika kijijini. Alikuwa peke yake pale na mhudumu mmoja mzee. Aliniambia mara moja kwamba kabla ya redio alikuwa akiongea na mizani ya watoto.

Masika ya mwaka ule yalishuka mapema na hayakutaka kwisha. Huku mjini tulilala na ndoo chini ya mivujo. Kule Amani, Fundi Mhina alisema, ukungu ulikaa juu ya kilima siku kumi na nane bila jua kuonekana, na vioo vya mtambo havikukusanya kitu. Betri mbili za daraja zilikuwa zimechoka tangu kabla ya mvua. Basi nikaanza kusikia malalamiko kutoka ng'ambo: "Tanga, sauti yako inakuja ikipotea." Mkwaja ndiyo iliyoanza, kwa kuwa ndiyo ya mbali, na nyingine zikafuata. Bi Rukia aliniomba nirudie kila neno mara tatu. Asubuhi moja nilihisi kwamba namwishia kabisa, na kabla hajapotea nikasema kwa haraka, kwa moyo mweupe, maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. Nilimwambia: "Bi Rukia, hata usiponisikia, wewe piga hodi tu. Mimi nakusikia vizuri. Ukiwa na mgonjwa, sema, nami nitashughulikia gari." Akajibu: "Hayo nimeyapata, mwanangu. Ahsante. Ova." Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho kuyapata.

Jambo hilo lilinishangaza, kwamba mimi nimsikie kama yuko chumba cha pili na yeye asinisikie hata chembe. Fundi Mhina alinieleza akiwa ameketi juu ya ukingo wa dirisha, maana kiti kilikuwa kimoja. "Masikio hayali umeme," alisema. "Mtambo ukiwa na betri mbovu bado unasikia kila kitu. Kinachokula umeme ni mdomo. Sasa mdomo wake umekuwa mnong'ono. Wewe uko karibu na mlingoti wako ni mrefu, unaupata huo mnong'ono. Mkwaja haufiki." Nikamuuliza dawa yake nini. "Betri nzima. Hata moja." Aliinama akatazama chini ya meza yangu, pale ilipokuwa betri ya akiba ya redio yangu mwenyewe, ya kutumia umeme wa mji unapokatika, na siku zile ulikatika kila upendapo. "Kama hiyo," akasema.

Nilikataa. Nalisema hili bila kulipamba. Alikuwa ameandika barua ya kuomba betri mpya na barua ilikuwa inazunguka ofisini ikingoja sahihi ya mkubwa aliyesafiri. Mzee Salehe alikwisha sema mali ya chumba cha redio haitoki bila kibali. Lakini sababu yangu haikuwa kibali. Nilimwambia Fundi: "Nikikupa hii, umeme ukikatika nitakuwa kiziwi. Watanipigia hodi na mimi sipo." Nilijiona mwaminifu kwao nikisema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilidhani kumsikia mtu ni nusu ya kumsaidia. Fundi hakubishana. Alitikisa kichwa, akasema atakuja tena wiki ijayo.

Kwa siku tisa Bi Rukia alipiga hodi bila kujibiwa. "Tanga, Mkwaja hapa. Sikupati, lakini najua unanipata. Nipo. Leo mvua kubwa. Ova." Akingoja kidogo, kwa mazoea, halafu anazima. Saa inayofuata tena. Nami kila mara nilibonyeza kitufe nikamjibu, nikijua haifiki, kwa sababu kukaa kimya mtu anapokusalimia kulinishinda. Siku ya tano aliacha kungoja jibu. Alisema yake, akazima. Lakini hakuacha kupiga hodi hata mara moja, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeachwa. Ilikuwa ya mtu anayeandika barua akijua kuna anayesoma.

Siku ya kumi, Jumanne, saa tatu asubuhi, hakutaja mvua. "Tanga, nina mama hapa, mimba ya pili, uchungu tangu jana asubuhi. Mtoto kakaa vibaya. Mimi hapa sina la kufanya. Nahitaji gari, afike hospitali ya Pangani au huko kwenu. Nahitaji gari leo, mwanangu. Ova." Niliandika kwenye daftari, nikashuka ngazi nikikimbia. Magari ya ofisi yalikuwa mawili. Moja lilikaa juu ya matofali uani tangu mwaka uliotangulia, kuku wa mlinzi wakitaga ndani yake. La pili lilikuwa halina dizeli, na kibali cha dizeli kilikuwa kimetolewa cha mwezi uliopita, kikakataliwa kituoni. Mzee Salehe alinisikiliza amesimama. Alishika simu kuita Pangani, akaiweka sikioni muda mrefu, akairudisha taratibu. Waya zilianguka na mvua tangu Jumamosi. "Hata tukipata mafuta," alisema, "barabara ya ng'ambo ya Mto Pangani imekatika. Gari halifiki Mkwaja wiki hii." Kisha akatoa baiskeli yake chini ya ngazi, akachukua dumu, akatoka kwenye mvua bila kofia kwenda kutafuta dizeli hivyo hivyo. Sijapata kumwona mtu mzima akikimbilia jambo asiloliamini namna ile.

Saa nne Bi Rukia alirudi hewani. Saa tano kasorobo akarudi tena, kabla ya zamu yake, na hii ndiyo hodi nisiyoweza kuisahau. Alisema kwa kituo, kama anayehesabu dawa. "Tanga, sikiliza. Kuna mashua hapa ya nazi, inakwenda Pangani na maji ya adhuhuri. Mwenye mashua amekubali kumchukua mgonjwa. Bahari imechafuka, na mama huyu amechoka, naogopa kumpeleka majini. Kama gari limeshatoka huko, afadhali asubiri hapa, chini ya paa. Kama gari halijatoka, nimpakie sasa hivi. Najua unanisikia. Nitakaa hapa dakika kumi, labda nitabahatika kukupata. Ova."

Nilibonyeza kitufe. "Mpakie," nilisema. "Bi Rukia, mpakie. Gari hakuna. Usisubiri, gari hakuna." Nikaachia, nikasikiliza. Kimya, na mvumo mdogo wa mtambo. Nikabonyeza tena. Nilisema polepole, nikasema kwa nguvu, nikasema neno moja moja: gari, hakuna. Nilifungua dirisha nikatoa mkono wenye kipaza sauti nje, kana kwamba ukuta ndio uliozuia. Karani wa chumba cha chini alipanda kuona nani anapiga kelele, akasimama mlangoni na karatasi zake mkononi. Dakika kumi zilipita. Nikasikia kitufe cha Bi Rukia kikibonyezwa, kuku nyuma yake, na pumzi yake. "Haya," alisema. "Uliniambia nikisema utashughulikia gari. Basi gari litakuwa limeshatoka. Mashua naiachia iende. Tunasubiri, mwanangu. Ova."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimepoteza watu wangu mwenyewe. Lakini unyonge wa namna ile sijaujua tena. Msiba wa kawaida unakukuta umekwisha kutokea. Huu niliusikia ukitendeka, kila hatua yake kwa sauti safi, na hatua yenyewe ilijengwa juu ya ahadi yangu. Laiti nisingemsikia kabisa siku zile tisa, laiti nisingemwambia neno lolote, angejihesabu yuko peke yake, na mwanamke aliye peke yake angempakia mgonjwa katika mashua ile. Kilichomfunga pale ni kuniamini mimi.

Fundi Mhina alikuja saa nane, kalowa, hana habari. Nilimweleza huku nimeshainamia chini ya meza nikifungua nyaya za betri. Akanisogeza, akazifungua yeye. Hakusema "nilikuambia". Alisema tu, "Kuna lori la magogo linapanda Amani tupu saa tisa. Dereva namjua." Akaifunga betri kwa kanga yangu, akaitia begani ikiwa bado na asidi inayochuruzika pembeni, akashuka. Shati lake lile lilitoboka bega lote, na bega lenyewe lilikuwa na alama mpaka uzee wake. Mzee Salehe alirudi saa kumi na dizeli robo dumu. Aliona mahali pa betri patupu, akanitazama. Nikangoja anikaripie. "Andika maelezo kesho," akasema, akaliweka dumu mlangoni kama mtu aliyeleta zawadi kwenye nyumba asiyoikuta na watu. Robo saa baadaye umeme ukakatika, taa ndogo ya redio ikazima, na nikawa kiziwi kama nilivyoogopa. Hodi ya saa kumi na moja na ya saa kumi na mbili sijui zilisema nini.

Jioni Bi Tatu alinipakulia bada na mchuzi wa papa, chakula nilichokipenda kuliko vyote, nami nikaisogeza sahani kando. Nilimwambia yaliyotokea. Alifikiri, kisha akasema kwa huruma ya kweli: "Kwa nini msipeleke kwenye redio ya taifa? Si wanatangaza, kama matangazo ya vifo, watu wakasikia hata vijijini?" Nikamwambia, "Bado hajafa, Bi Tatu." Akaweka mkono mdomoni. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akimweleza mkewe kwamba mwezi ujao vitenge vitajaa madukani.

Fundi alilala kwa mlinzi wa msitu, akapanda kilima kulipopambazuka na betri mgongoni, nusu saa ya utelezi na ruba. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu tangu saa kumi na mbili na nusu. Umeme ulirudi saa moja. Saa mbili kasoro dakika chache nikasikia mvumo wa mtambo umebadilika, umejaa, halafu sauti ya Fundi mwenyewe kutoka kilimani: "Daraja limesimama. Mwite." Hodi ya saa mbili ilikuwa bado. Nilisubiri dakika zile nikiwa nimeshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Saa mbili kamili hakuja. Saa mbili na dakika tatu nikasikia kitufe, nami sikumwacha aseme.

"Mkwaja, Mkwaja, Tanga hapa. Unanipata? Ova."

"Nakupata," Bi Rukia akasema. "Nakupata wazi kabisa, kama umekaa hapa."

"Bi Rukia, gari halikutoka. Barabara imekatika. Usisubiri. Mpakie mashua yoyote, ova."

Jogoo aliwika karibu na redio, akawika tena. "Amefariki alfajiri, mwanangu," akasema. "Yeye na mtoto wake. Ndiyo tunamwosha sasa. Ova."

Nilikuwa na daraja zima, sauti iliyofika, na sikuwa na neno la kupitisha juu yake. Nilibonyeza kitufe nikakiachia. Yeye ndiye aliyesema, "Haya. Nazima, nitunze betri."

Siku nne hakupiga hodi. Siku ya tano ilirudi, fupi, Mkwaja, nipo, bila mchicha wala kuku, nami nikajibu kwa ufupi huo huo. Tukaendelea hivyo miezi. Maelezo niliyaandika, Mzee Salehe akayasoma, akayatia katika faili na hakuniuliza tena habari ya betri. Mvua zilikwisha, vioo vya Amani vikapata jua. Kuelekea mwisho wa mwaka mambo yalifunguka kweli kama jirani alivyosema. Barabara ya Nane ilijaa mitumba, sabuni za rangi, biskuti za kopo. Siku moja nilipita na Fundi Mhina mbele ya duka moja, tukaona betri za gari zimepangwa dirishani, mpya, bado zimo kwenye nailoni, nane au tisa, yeyote apendaye aingie anunue. Fundi alisimama pale muda mrefu hata mwenye duka akatoka kumuuliza anataka ipi. "Hapana, ahsante," akasema, "natazama tu." Tukaenda zetu. Njia panda aliniaga kwa kunigusa bega kidogo.

Mwezi huo huo Bi Rukia aliitwa mjini kuchukua vifaa vya chanjo. Nilikuwa nimeinama nikiandika, nikaona mwanamke mfupi, mnene kiasi, wa makamo, amesimama mlangoni na viatu mkononi kwa kuwa vimemuumiza. Mimi nilikuwa nimemwona moyoni mrefu na mwembamba. "Ndiye wewe Tanga?" akaniuliza. "Mbona mdogo hivi?" Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukabaki tunatazamana kama watu walioposwa kwa barua. Nilimchukua Nguvumali tukale. Bi Tatu alipika wali, mchele ukiwa sasa unapatikana, na samaki wa kupaka, akatuacha wenyewe ukumbini. Tulikula tukizungumza juu ya njia, ya viatu, ya jokofu lake linalovuja mafuta ya taa. Mpaka alipomaliza kunawa ndipo akauliza, akiwa anajifuta vidole kimoja kimoja.

"Siku zile mbili. Ulikuwa unanisikia?"

Ningeweza kusema mtambo ulikufa kote kote. Nilikuwa nimekwisha kulitayarisha jibu hilo tangu nilipomwona mlangoni, na nadhani Fundi angenisaidia kulishikilia. "Nilikusikia," nikasema. "Kila neno. La mashua pia. Nilikuwa nakujibu umpakie, na haikufika."

Aliinamisha kichwa. Nikangoja hasira yake, niliistahili na niliitaka. Badala yake mabega yake yalishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Kila nikitoka kwenye redio yule mama alikuwa ananiuliza, wamesikia? Namwambia wamesikia. Usiku ule, karibu na mwisho, akauliza tena. Mimi sikuwa na hakika tena, siku kumi hujanijibu, gari halionekani. Nikasema hivyo hivyo: wametusikia. Akatulia. Miezi yote hii najiambia, Rukia, umemzika mtoto wa watu na uongo wako." Akashusha pumzi. "Kumbe haukuwa uongo."

Nilitaka kumwambia kwamba kusikia kwangu hakukumfaa kitu yule mama, na kwamba betri ilikuwa chini ya meza yangu siku zote tisa. Hili la betri nilimwambia, baadaye kidogo, na alilisikiliza mpaka mwisho, asiseme nimekusamehe wala asiseme ni kosa lako. Alivuta mkeka akajinyoosha, miguu ilimuuma. Nami nikaona kwamba katika daftari langu, siku zote zile, nilikuwa nimeandika "mama mjamzito" na si zaidi.

"Aliitwa nani?" nikamuuliza.

"Mboni," akasema Bi Rukia, macho yake juu ya dari. "Mboni Kombo. Baba yake alitoka Pemba. Alikuwa mcheshi, yule binti. Hata ule uchungu wa kwanza, Jumatatu asubuhi, aliingia zahanati anacheka."